Nikimwambia mwanangu "pumua" anazidi kuwaka: yoga itamfundishaje kujituliza?

SWALI: Habari za kazi, mtaalamu. Mwanangu wa kwanza ana miaka 7. Akishindwa mchezo anarusha vitu na kumpiga mdogo wake wa miaka 4, na mwalimu wake ananiambia hawezi kutulia kwenye kiti. Nilisoma kwamba yoga inawasaidia watoto kujidhibiti, basi nikaanza kumwekea video, na akikasirika namwambia avute pumzi ndefu. Badala ya kutulia anapiga kelele zaidi. Niendelee au niache? Nianzie wapi? Na kuna jamaa wanasema hii ni ibada ya dini nyingine, ni kweli? (Mama wa watoto wawili)

JIBU:

Endelea, mama, ila badilisha saa unayomfundisha. Neno "pumua" linamfikia mwanao akiwa tayari ameshawaka, na mtoto aliyewaka hafundishiki. Hakuna anayejifunza kuogelea huku anazama. Kujituliza hufundishwa saa ambayo mtoto yuko sawa, anacheka, hana ugomvi na mtu, na hufundishwa kidogo kidogo, karibu kila siku, mpaka mwili wake uizoee njia ya kurudi. Nitakueleza kwanza kwa nini ulichojaribu hakikufaulu, kisha tupite kipindi kizima pamoja, maana najua unachotaka hasa ni kujua ufanye nini kesho.

Dakika ile anaposhindwa mchezo, sehemu ndogo ya ndani ya ubongo iitwayo amigdala inapiga mbiu ya hatari kabla yeye hajafikiri lolote. Adrenalini inamwagika kwenye damu, moyo unakwenda mbio, pumzi inakuwa fupi na ya juu kifuani, misuli ya mikono na taya inakaza. Mwili umejiandaa kupigana au kukimbia. Sehemu ya ubongo ambayo ingemwambia "tulia, ni mchezo tu, kuna raundi nyingine" iko mbele, nyuma ya paji la uso, nayo ndiyo inayochelewa kukomaa kuliko zote: inaendelea kujengeka hadi mtu apite miaka 20 na ushee. Kwa mtoto wa miaka 7 bado ni changa, na hasira ikishapanda inazidi kudhoofika. Kwa hiyo unapomsemesha wakati ule unazungumza na sehemu ambayo kwa dakika hizo haipo kazini. Kinachomfikia ni sauti yako kuliko maneno yako, na sauti ya mzazi ambaye mtoto wake mdogo amepigwa sasa hivi huwa kali, ajitahidi vipi. "Pumua" inageuka karipio jingine.

Kuna jambo la pili, na watu wazima wengi hawalijui. Mwambie mtoto yeyote "vuta pumzi ndefu" umtazame: anapandisha mabega hadi karibu na masikio, anajaza kifua, anatumbua macho, anaachia kwa mkupuo, kisha anarudia haraka haraka. Pumzi ya namna hiyo haitulizi. Tunapovuta hewa ndani, moyo huongeza kasi kidogo, tunapoitoa, hupunguza. Inayoupunguza kasi ni neva ya vagasi, ambayo inashuka kutoka kwenye ubongo hadi moyoni na kwenye viungo vya tumbo. Utulivu basi uko upande wa kutoa pumzi. Mtoto anayevuta kwa nguvu na kwa kasi anaweza hata kupata kizunguzungu na ganzi vidoleni, na hapo hofu inaingia juu ya hasira.

Zile hesabu zinazopendwa, vuta kwa 4, shikilia kwa 7, toa kwa 8, ziache kabisa. Mtu mzima aliyepumzika hupumua takriban mara 12 hadi 20 kwa dakika. Mtoto wa umri wa mwanao hupumua mara 18 hadi 25 hivi. Pumzi yake moja, kuingia na kutoka, ni kama sekunde tatu tu. Ukimpa hesabu ya sekunde 19 umempa kazi ya kubana pumzi, na hakuna mtoto anayetulia huku amebana pumzi. Kwake yeye kuvuta kwa 2 na kutoa kwa 3 au 4 kunatosha. Afadhali zaidi msihesabu kabisa: mpe sauti. Awe nyoka anayesema "ssss", au nyuki anayevuma huku midomo imefungwa. Sauti haitoki bila hewa kutoka, kwa hiyo pumzi ya kutoa inarefuka yenyewe bila mtoto kuambiwa airefushe.

Sasa niseme jambo ninalolisisitiza kuliko yote. Vipindi vingi vya yoga ya watoto vimejaa utulivu mtupu: taa hafifu, muziki laini, mtoto amelazwa chali. Kabla ya kulala hilo ni zuri sana. Lakini mtoto ambaye shida yake ni kupanda, hawezi kujifunza kushuka kutoka mahali ambapo hajafika. Anahitaji kupandishwa kidogo kwa makusudi, kwa furaha, kisha ashushwe. Apande tena, ashuke tena. Moyo uende mbio, halafu yeye mwenyewe aurudishe. Kila anapoushusha, anapata ushahidi wa mwili kwamba msisimko una mwisho na kwamba yeye ana mkono katika kuumaliza. Ushahidi huo hauwezi kuletwa na mawaidha.

Kipindi chenu kiwe cha dakika 10 hadi 12, saa ileile kila siku kama inawezekana, na kiwe mbali na saa za ugomvi. Usimwekee video ukaondoka. Fanya naye, mwili wako karibu na wake. Mkeka ukiwepo ni sawa, usipokuwepo sakafu isiyoteleza inatosha, na miguu iwe peku.

Anzeni na kazi nzito. Simameni mkiutazama ukuta, viganja ukutani usawa wa mabega, mguu mmoja mbele na mmoja nyuma, kisha usukumeni ukuta kana kwamba mnataka uhame. Hesabu mpaka 10 kwa sauti. Angalia vidole vyake vimetanuka na viwiko vimekunjwa kidogo, kisigino cha nyuma kimeikanyaga sakafu. Acheni, mikono ining'inie ovyo, mtikise mabega. Rudieni mara tatu. Misuli na viungo vinavyobeba kazi nzito hupeleka ubongoni taarifa nyingi za mwili uko wapi na umekaaje, na watoto wengi wasiotulia huanza kutulia hapahapa, kabla hata ya mkao wowote wa yoga. Kwa mwanao kuna faida ya ziada: ile mikono inayotamani kurusha na kupiga inapata kazi halali.

Kisha mpandishe. Arukeruke kama chura kwa nusu dakika, wewe pia ruka. Useme "mti!" na wote mgande kwa mguu mmoja, wayo wa mguu wa pili ukiegemea kifundo cha mguu uliosimama au sehemu iliyo chini ya goti. Usiegemee goti lenyewe kamwe. Macho yashike kitu kimoja kisichosogea, doa la ukutani kwa mfano. Chura tena, mti tena, sasa kwa mguu wa pili.

Kwenye mti ataanguka. Acha aanguke. Hapa ndipo penye mali, mama, na wengi wanapapita mbio. Kuanguka kwenye mti ni kushindwa kudogo, kusiko na mshindani, kusiko na wa kumcheka. Mtazame sekunde mbili zinazofuata. Je, anacheka? Anajirusha chini kwa hasira? Anasema "mimi siwezi"? Ukiona hasira inataka kuja, anguka na wewe, urudi kwenye mti bila kusema neno. Na unapomsifu, sifu kurudi. "Umeyumba, ukarudi." Usimsifu kwa kusimama muda mrefu kuliko jana, kwa sababu hapo umeshamletea mashindano, na mashindano ndiyo yanayomtesa.

Kumwambia mtoto "simama tuli" hakuna maana kubwa kwake. Mpe nafasi ya kuigiza. Katika miaka ya 1940 mtafiti wa Kisovieti, Z. V. Manuilenko, aliwapima watoto wa miaka 3 hadi 7 kuona wanaweza kusimama bila kusogea kwa muda gani. Waliopewa kuigiza mlinzi wa zamu walisimama muda mrefu zaidi kuliko walipoambiwa tu wasimame. Mtoto anayeigiza anajizuia kwa kuwa mchezo una kanuni, na kanuni hiyo anaipenda. Basi mti wako usiwe mkao tu. Awe mti ambao ndege ametua tawini na hapaswi kushtuliwa, au mlinzi wa lango usiku. Achague mwenyewe, na kesho abadilishe.

Baada ya chura na mti, kabla hamjakaa, mwambie aweke kiganja kifuani. "Unasikia nini?" Pengine atasema moyo unagonga, unaruka, unakimbia. Usiongeze maelezo. Teremkeni kwenye magoti. Fanyeni simba mara mbili tatu: mikono mapajani, pumzi iingie puani, kisha mdomo wazi, ulimi nje, "haaaa" ya nguvu. Watoto wenye hasira humpenda simba kwa kuwa ni mahali ambapo ukali unaruhusiwa. Kutoka hapo viganja sakafuni, mgongo uinuke kama paka anayejinyoosha wakati wa kutoa pumzi, ushuke wakati wa kuvuta, taratibu. Halafu mkao wa mtoto: anakalia visigino, anainama mbele mpaka paji la uso lifike sakafuni au juu ya ngumi zake mbili zilizopandana, mikono ipumzike popote. Hapo ndipo nyuki anavuma, mara tano au sita. Atasikia mtetemo kwenye mifupa ya uso na kifuani, na mtetemo huo unamvutia kuliko hesabu yoyote.

Mwulize tena: "Weka mkono kifuani. Sasa je?" Swali hili lirudi kila siku. Siku moja atakwambia kwa mshangao kwamba moyo umepunguza mbio, na atakuwa ameligundua mwenyewe. Nakuomba usimwibie ugunduzi huo kwa kumweleza mapema.

Malizieni chali, kitu chepesi laini kikiwa juu ya tumbo lake, akitazame kikipanda na kushuka. Dakika moja inatosha, ikiwa mbili ni vizuri. Asilazimishwe kufumba macho. Wapo watoto ambao kufumba macho wakiwa wamelala chali kunawatia hofu, hasa waliopitia jambo la kutisha, na hao ni haki yao kuona mlango uko wapi. Vilevile usimguse mgongoni au tumboni bila kumuuliza. Mtoto anayeulizwa "nikuwekee mkono mgongoni au nisikuwekee?" anajifunza pia kwamba mwili ni wake, na hilo lina uzito wake hata nje ya mkeka.

Mikao ni sehemu tu. Kuna hisi ambayo haitajwi sana, ile inayotuambia yanayoendelea ndani: njaa, haja, joto, moyo, tumbo kukaza. Mtoto mwenye hisi hiyo butu hugundua amekasirika baada ya kitu kushatoka mkononi. Nilifanya kazi na binti wa miaka 8 ambaye kila mtu alisema hasira zake zinakuja ghafla, hazina dalili. Siku moja akiwa amelala sakafuni nikamuuliza hasira yake huanzia wapi. Akafikiri sana. Akasema, "Masikioni. Yanakuwa ya moto." Hakuna mtu mzima aliyewahi kuyatazama masikio yake. Tangu hapo tukawa na ishara ya mapema: masikio yakianza kupata joto, anakwenda ukutani kusukuma. Hakuacha kukasirika, lakini alianza kukamata hasira ikiwa bado ndogo. Muulize mwanao swali hilo, akiwa ametulia. Kwa mmoja ni tumbo, kwa mwingine ni ngumi, shingo, koo. Akishindwa kujibu, mchorieni umbo la mtu kwenye karatasi, apake rangi pale anaposikia kitu.

Sasa daraja la kutoka mkekani hadi kwenye mchezo. Mtoto anaweza kuwa bingwa wa nyuki sakafuni na bado akarusha mchezo wote mezani, kwa sababu alichojifunza sehemu moja hakihami chenyewe. Lazima mkihamishe pamoja. Kabla ya mchezo wowote wa kushindana, wote msukume ukuta mara moja na kuvuma mara mbili, kama sehemu ya kanuni za mchezo wenyewe. Mwanzoni chagueni michezo mifupi, ya dakika mbili tatu, ambayo bahati inaamua zaidi kuliko ustadi, ili kushindwa kuje mara nyingi na kwa uzito mdogo. Wewe ukishindwa, mwache aone: "Ah, nimeshindwa, nasikia tumbo limekaza. Ngoja nivume." Fanya kweli, usiigize kupita kiasi, watoto hunusa maigizo.

Hili linanileta kwako, na naomba ulipokee kwa wema. Mwanasaikolojia wa Kirusi Lev Vygotsky, aliyefariki mwaka 1934, alifundisha kwamba uwezo wa mtoto huonekana kwanza kati yake na mtu mwingine, ndipo baadaye unaingia ndani yake ukawa wake. Kujituliza hakuna tofauti. Kabla mtoto hajajituliza, ametulizwa mara nyingi sana, na mwili anaouazima ni wako. Ukiingia chumbani pumzi yako iko juu na taya imekaza, atasoma hiyo kabla hujafungua mdomo. Kwa hiyo pumzi ya kwanza ya kutoa, wakati wa vurugu, ni yako. Simama, nyayo zote mbili zikanyage sakafu, toa hewa taratibu puani, legeza mabega, ndipo usogee. Ni sekunde tano. Mzazi aliyechoka na asiye na msaidizi atasema hana hata hizo tano, nami namwamini. Basi zianze siku za kawaida, kwenye mambo madogo kama kumwagika kwa maji.

Na vurugu yenyewe ikishafumuka? Hakuna yoga hapo. Kwanza mtenge mdogo wake, usalama hauna mjadala. Maneno machache na mafupi: "Sitakuacha umpige. Niko hapa." Punguza sauti, punguza macho ya watu, kaa chini ili usimsimamie kwa juu. Akikubali kukumbatiwa, mkumbatie. Akikataa, kaa karibu. Wewe vuma ukitaka, kimya kimya, kwa ajili yako. Usimwambie avume. Ikipita, mpe muda wa kunywa maji na kupumzika, na baadaye sana, pengine saa nzima, rudini kwenye jambo: alichosikia mwilini, alichofanya, na namna ya kumpoza mdogo wake. Kujifunza kujituliza hakufuti wajibu wa kuomba radhi.

Kamwe mkao wa yoga usiwe adhabu. "Nenda kona, kaa mkao wa mtoto mpaka utulie" ni njia ya haraka ya kuuua mkao huo kwake. Mweleze hivyo na mwalimu pia. Mtoto asiyetulia kwenye kiti mara nyingi anahitaji kutumia mwili kwanza ndipo aweze kukaa: kusukuma ukuta kabla ya somo, kubonyeza viganja viwili kifuani kwa nguvu, kushika kingo za kiti na kujaribu kujiinua kwa mikono akiwa amekaa. Haya hayahitaji nafasi wala mkeka, wala hayamwaibishi mbele ya wenzake, hasa kama darasa zima linafanya.

Utasikia pia ahadi kubwa kuhusu yoga, nami sitaki uende na matumaini ya uongo. Mwaka 2011 Adele Diamond na Kathleen Lee walichapisha katika jarida la Science mapitio ya mbinu za kukuza uwezo wa watoto wa miaka 4 hadi 12 wa kujizuia, kukumbuka na kubadili mwelekeo. Yoga imo, pamoja na sanaa za mapigano na mazoezi mengine ya mwili. Walichokazia ni kwamba mbinu hizi husaidia zikirudiwa mara kwa mara na ugumu ukiongezwa polepole, na kwamba watoto waliokuwa nyuma zaidi ndio hunufaika zaidi. Upande wa pili, mwaka 2022 yalitoka matokeo ya utafiti mkubwa wa Uingereza uitwao MYRIAD, uliohusisha wanafunzi zaidi ya 8,000 wa miaka 11 hadi 13, karibu nusu yao wakifundishwa shuleni mazoezi ya kuelekeza fikra kwenye pumzi na wakati uliopo, na wengine wakiendelea na masomo yao ya kawaida. Haikuwa yoga, lakini ni jamaa yake wa karibu. Mafunzo hayo hayakuwasaidia kuliko masomo ya kawaida, na wengi hawakufanya mazoezi nyumbani. Mimi nikiziweka tafiti hizi pamoja naona jambo moja: somo la kusikiliza darasani halitoshi, kinachobadilisha ni mwili kufanya, na kufanya tena, pamoja na mtu ambaye mtoto anamwamini. Ndiyo maana nakusihi udumu na dakika 10 za kila siku kuliko saa nzima ya Jumamosi.

Usimfanyishe kusimama kwa kichwa wala mikao inayoweka uzito shingoni. Pumzi za kasi, zile za kutoa hewa kwa mikupuo ya tumbo, si za watoto. Viungo vya watoto ni laini, kwa hiyo usimvute ili "afike mbali zaidi". Mwenye pumu, kifafa au tatizo la moyo aonwe kwanza na daktari wake.

Kuhusu dini: yoga ilizaliwa India, na mizizi yake imo katika mapokeo ya Kihindu, Kibudha na Kijaini. Hilo ni kweli na halina haja ya kufichwa. Ni kweli pia kwamba kusukuma ukuta, kusimama kwa mguu mmoja na kutoa pumzi taratibu vinaweza kufanywa bila mantra (maneno yanayokaririwa kwa ibada), bila dua na bila kumwelekea yeyote. Hata jimbo la Alabama nchini Marekani, lililopiga marufuku yoga katika shule za umma mwaka 1993, liliiruhusu tena mwaka 2021 kwa masharti: mikao na kunyoosha viungo sawa, mantra na salamu ya "namaste" hapana. Nyumbani mwenye kuamua ni wewe. Kama dhamiri yako haitulii, mweleze mtoto kuwa ni michezo ya mti, simba na nyuki, na usitumie neno yoga kabisa. Hatapoteza chochote cha haya niliyoyaeleza.

Mdogo wake wa miaka 4 ajiunge akipenda, kwa dakika chache, kama mnyama anayemtaka. Usitegemee afuate mpangilio. Ataingia chini ya tumbo la paka wako na atakimbia katikati ya nyuki. Ila usimruhusu awe hadhira ya kaka yake, na siku nyingine fanya na mkubwa peke yake, maana aliyezoea kuonywa kwa ajili ya mdogo wake anahitaji dakika ambazo hashindanii.

Wiki mbili za kwanza huenda usione lolote, au uone anakataa. Baada ya hapo tafuta mabadiliko madogo: vurugu inachukua dakika 10 badala ya 20, anarusha mto badala ya kitu kigumu, anasema "naanza kukasirika" hata kama anapiga kelele akisema hivyo. Andika mahali, kwa sababu mtu aliye ndani ya vurugu haoni inavyopungua. Na mpeleke kwa daktari wa watoto au mtaalamu wa saikolojia ya watoto, bila kusubiri yoga ifanye kazi, ukiona anajiumiza au anawaumiza wengine kweli, hasira zimeanza ghafla baada ya tukio la kutisha, usingizi umeharibika, amerudi nyuma katika mambo aliyokwisha kuyaweza, au kutotulia kwake kunamkosesha masomo na marafiki. Mwombe pia ampime masikio na macho. Mtoto asiyesikia vizuri au asiyeona ubaoni huonekana mtukutu kwa muda mrefu kabla mtu hajajua sababu. Mazoezi haya mnaweza kuendelea nayo wakati wote wa uchunguzi na matibabu.